Alama za Kalunde

Jeneza la Mwalimu Mwinshehe lilikuwa limekwisha kuinuliwa, na wanaume walikuwa wamelielekeza mlangoni, mwanamke mmoja mrefu alipopenya katikati ya watu, akasimama kizingitini na kutanua mikono, mmoja fremu hii, mmoja fremu ile. Juu ya kitenge alivaa koti la kiume, kuukuu, rangi ya udongo, lililochakaa viwikoni. Alikohoa, akapandisha puani miwani ambayo hakuwa nayo, kisha akatangaza kwa Kiingereza kwamba ndani ya chumba hiki ni Kiingereza tu, kuanzia mlangoni hadi mlangoni, na asiyeweza kusema sentensi nzima hatoki. Sauti haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya marehemu, na kikohozi kilikuwa cha marehemu. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akilia kwa kwikwi tangu asubuhi, alinyamaza ghafla. Mimi niliyekuwa nimeketi mkekani pamoja na akina mama wengine nilimshika mkono jirani yangu ambaye hata jina lake silijui.

"Huyu mzima kweli?" jirani akaninong'oneza. Mzee mmoja wa msikitini akajibu kana kwamba ameulizwa yeye. "Mwacheni. Mnyamwezi huyo, mtani wake marehemu. Ana haki yake." Watu wakashusha pumzi. Mwalimu Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, ingawa alifundisha Tabora mpaka akazeekea hapa, na Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Msibani mtani huruhusiwa kumwigiza maiti, kuvaa nguo zake, hata kuzuia jeneza mpaka agombolewe kwa chochote. Hayo yote nayajua, nimekulia Tabora. Lakini koti lile nililijua pia. Nililijua kabla sijaujua uso, na nilipoutazama uso, nikaona chini ya kilemba na mikunjo ya umri msichana niliyekaa naye dawati moja Kidato cha Kwanza, ambaye sikuwa nimemwona tena tangu mwaka ule uishe. "Kalunde," nilisema, na hakuna aliyenisikia.

Ule mwaka sikuuomba, na hadi leo sijui niuweke wapi. Darasa letu lilikuwa la mwisho katika safu ya vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, madirisha bila vioo, ubao mweusi uliopakwa upya kila muhula hadi ukawa laini na chaki inateleza. Siku ya kwanza ya somo la Kiingereza Mwalimu Mwinshehe hakuingia. Alisimama nje ya mlango na koti lake katika lile joto, akatungoja tumwamkie pale pale nje, shikamoo moja moja, naye akaitikia marahaba kwa kila mtu, kwa upole kabisa, kama mjomba. Kisha akavuka kizingiti na akawa mtu mwingine. Kwa Kiingereza, polepole, akiandika ubaoni ili hata asiyesikia asome, alitusomea sheria zake. Kiswahili kinabaki nje, na ndiyo maana shikamoo zetu amezipokea nje. Jibu ni sentensi nzima. Neno moja si jibu. Atakayemcheka mwenzake akikosea, amekosea yeye. Hapo tulikuwa bado tunanakili kwa utulivu, ndimi nje, kalamu zikikwaruza. Kisha akaandika sheria ya mwisho, akaipigia mstari chini: alama utakazopata wewe ataandikiwa mwenzako wa dawati, na alama zake utaandikiwa wewe. Kwenye ripoti, mbele ya wazazi, kwenye kila kitu.

Nilidhani sikuelewa. Nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza shule yetu ya msingi pale mjini na nilijiona najua, kwa hiyo nilisoma tena, na tena, na maneno yakakataa kubadilika. Ramadhani, mvulana wa dawati la mbele, akanyoosha kidole na kuuliza kwa Kiswahili safi cha mshangao, "Sasa mwalimu, kama mwenzio hajui kitu?" Mwalimu akamtazama, akafungua kitabu chake cha alama, na akatangaza kwamba mwenzi wa dawati wa Ramadhani ameanza mwaka na upungufu wa alama mbili. Yule mwenzake, kijana mpole ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aingie, alibaki ameduwaa kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Basi tukaelewa. Nikageuka taratibu kumtazama niliyeketi naye.

Alikuwa mrefu, amevaa sketi iliyoshonwa kwa matumaini kwamba atarefuka zaidi, na alikuwa ananakili sheria zile kwa kuchora herufi moja moja, kama mtu anayechora picha ya kitu asichokijua. Alitoka kijiji kimoja mbele ya Igalula, nyumbani kwao walizungumza Kinyamwezi, Kiswahili alikipata shuleni, na Kiingereza alikuwa nacho kiasi cha kusema jina lake na siku za wiki. Alinitabasamia. Mimi, Mungu anisamehe, sikuweza kutabasamu. Shule ilikuwa na kanuni yake nyingine, isiyo ya Mwinshehe: mwenye chini ya arobaini kwa Kiingereza mwisho wa mwaka anarudia darasa. Mchana ule, tukitoka, Kalunde aliniambia habari zake bila kuulizwa, ndivyo alivyokuwa. Baba yake, Mzee Maganga, alikuwa amemruhusu kusoma kwa sharti moja. Mradi anasonga mbele, asome. Siku akirudia darasa, arudi nyumbani akasaidie kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, na mchumba hakosekani. "Kwa hiyo weye ndiye baba yangu sasa," akanitania. "Ukifaulu, nimefaulu." Nilihesabu upande wa pili wa maneno hayo: akifeli, nimefeli.

Mtihani wa nusu mwaka nilipata themanini na nane. Kalunde alipata kumi na saba. Ripoti zilipotoka, yangu ilisema kumi na saba, kwa wino mwekundu, na saini ya Mwinshehe chini yake imekaa vizuri kama ya mtu aliyelala usingizi mnono. Dawati la mbele Ramadhani alikuwa analia waziwazi, kwa kuwa mwenzake mpole alikuwa amefeli na yeye ndiye aliyebeba, akamfuata mwalimu hadi nje ya mlango, pale Kiswahili kinaporuhusiwa, akamwomba ambadilishie. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, akakataa. Mimi sikuomba. Nilipita chini ya dirisha la ofisi ya walimu nikiwa na chuki yangu kifuani, na hapo nikasikia mkuu wa shule akimkemea. "Mwalimu Mwinshehe, watoto wa watu unawachapa kwa makosa ya jirani!" Naye akajibu kwa sauti ya chini, sauti ya nje ya mlango, "Mimi nilisoma darasa la watu hamsini, mmoja akijua, sisi wengine tukimsikiliza. Mwaka mzima. Hakuna aliyenigeukia hata kuniambia jina la kalamu. Hawa wangu lazima wageukiane." Mkuu akasema kitu kuhusu wazazi. Mwalimu akasema, "Nipe mwaka huu tu." Nikaondoka bado ninamchukia, lakini maneno yale yalinifuata.

Kilichotokea kwa Kalunde wakati huo huo hakuna aliyekitarajia, na pengine ndicho cha ajabu kuliko vyote. Alirudi kijijini likizo na karatasi yenye themanini na nane. Mzee Maganga hakujua kusoma Kiingereza, ila tarakimu alizijua. Alichinja mbuzi. Aliipeleka karatasi kanisani, kwa Wamoraviani, na mchungaji akaitangaza kabla ya mahubiri. Na kwa kuwa mwezi wa tisa walikuwa wanatarajia mgeni kutoka ng'ambo ambaye hakuzungumza ila Kiingereza, wazee wa kanisa wakakubaliana papo hapo kwamba hakuna haja ya kuazima mtu mjini. Mkalimani wanaye. Kalunde alinisimulia haya siku ya kwanza ya muhula wa pili, nje ya mlango wa darasa, midomo imemkauka. "Nilitaka kuwaambia, Zuhura. Baba alikuwa ananitazama. Mama anapiga vigelegele. Ningesemaje?" Nikamuuliza atafanyaje. Akasema, "Nimekwisha," na akacheka kicheko cha mtu anayeanguka, kisha kengele ikalia tukaingia kwenye Kiingereza.

Basi nikaanza kwenda Cheyo, mtaa wa pale pale Tabora mjini. Shangazi yake Kalunde alipanga chumba kimoja huko, nyumba ya korido, na mchana kutwa alikuwa sokoni, kwa hiyo chumba kilikuwa chetu: kitanda cha kamba, mabegi juu ya kabati lisilo na mlango, kalenda ya miaka iliyopita iliyobaki kwa ajili ya picha yake. Kalunde alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akavichanganya na karanga zilizotwangwa, tukala kwa vidole huku nikimfundisha. Alikuwa mwanafunzi wa kukatisha tamaa. Neno alilolijua saa nane hakulijua saa tisa. Nikimuuliza swali, uso unafungwa, mabega yanapanda, na sauti inamtoka ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu. Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye ananisogezea sahani na kusema, "Kula kwanza, mwalimu, njaa ndiyo inakukasirisha."

Siku moja, nadhani ili kunituliza, alisimama katikati ya chumba, akavuta shuka kitandani na kulitupia mabegani kama koti. Akakohoa. Akapandisha miwani. Akaanza kunisomea sheria za darasa kwa Kiingereza, kwa sauti ya Mwinshehe, kila neno mahali pake, na hata ile namna yake ya kungoja kidogo kabla ya neno la mwisho. Nilibaki na tonge mkononi. Nilimuuliza, kwa Kiingereza, kwa nini amechelewa. Yule Mwinshehe wa shuka akanitazama kwa juu na kunijibu sentensi nzima: amechelewa kwa sababu mwanafunzi wake Zuhura anakula matobolwa badala ya kusoma. Nikamuuliza lingine. Akajibu. Alikosea hapa na pale, lakini sauti haikufungika. Nikamwambia atoe shuka, aniambie yale yale. Alitoa shuka, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. "Mimi siwezi," akasema kwa Kiswahili. "Yeye ndiye anaweza. Na yeye ni mtani wangu, nikimvaa haogopeshi." Kuanzia hapo akawa anafundisha yeye, katika shuka, na mimi nikawa mwanafunzi mjinga kupita wote, ninayeuliza kila kitu. Majirani wa korido walikuwa wakija kuchungulia.

Kosa lilikuja kwa sababu ya mazoea. Mwalimu Mwinshehe alichelewa asubuhi moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na darasa likaanza kuchangamka. Kalunde akasimama. Sijui nani alimpa sweta, akalitupia mabegani, akaenda mbele, akakohoa. Darasa zima lilijua sheria ya kutocheka, tukauma mikono ya mashati yetu machozi yakitutoka. Alitusomea sheria. Alimkata Ramadhani alama kwa kupumua kwa Kiswahili. Kisha nikaona nyuso za waliokaa upande wa dirisha zikibadilika, nikatazama mlangoni, na Mwinshehe alikuwa amesimama pale, sijui kwa muda gani. Nilijua limetufika. Enzi zile mwanafunzi hakumwigiza mwalimu akabaki na ngozi nzima, na fimbo ilikuwa nyuma ya kabati pale pale. Kalunde alimwona. Alipaswa kukaa. Badala yake akapandisha ile miwani isiyokuwapo na kumwambia kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kwamba amechelewa, kwamba Wazaramo wote ni hivyo, ngoma ya jana haijawatoka miguuni, na kwamba asiingie kabla hajaeleza sababu kwa sentensi nzima.

Mimi nilikuwa nimekufa tayari. Mtoto wa Kinyamwezi alikuwa amemtania Mzaramo, na hilo nyumbani lisingemshangaza mtu, lakini hapa alikuwa mwanafunzi na yule ni mwalimu, na yote yalikuwa yamesemwa ndani ya mlango. Mwinshehe alivua miwani yake, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba anaomba radhi, amechelewa kwa sababu wapagazi wake, Wanyamwezi, wameweka mzigo chini njiani na kulala. Akaingia. Akaja moja kwa moja hadi dawati letu na kuketi nafasi ya Kalunde, kando yangu, magoti yake yakigonga ubao. Alinuka chaki na sabuni ya kufulia. Akainama kwangu na kuninong'oneza kwa Kiswahili, ndani ya darasa lake mwenyewe, "Ni wewe uliyemfundisha?" Kalunde akageuka kutoka ubaoni. "Huyo mgeni anazungumza Kiswahili," akatangaza kwa Kiingereza. "Mwenzake wa dawati anapoteza alama mbili." Mwalimu alifunika uso kwa mikono na mabega yakatikisika, na nikapoteza alama mbili kweli, kwani mwisho wa kipindi alizikata kwa mkono wake.

Siku hiyo hiyo Kalunde alimweleza habari ya kanisani, nje ya mlango. Mwinshehe alisikiliza, akavua koti na kumpa. "Litakusaidia," alisema. "Ukimaliza, lirudishe." Na kwa kuwa niliogopa kuliko hata yeye, nilipanda treni pamoja naye hadi Igalula, mwezi wa tisa, na kutoka stesheni tukatembea. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mgeni alikuwa mama mnene mwenye kofia aliyesema kwa sentensi fupi, bahati yetu, na Kalunde alisimama kando yake ndani ya koti lililomfika magotini, akakohoa, akaanza. Kila mara mgeni alipokwama kutamka jina la mahali, Kalunde alimngoja kwa ile subira ya Mwinshehe. Mara moja alimwomba arudie, kwa sentensi nzima. Mzee Maganga alikuwa mstari wa mbele, kofia magotini, haondoi macho. Tulikula wali na kuku kwa mchungaji, na Kalunde hakula. Koti hakulirudisha. Mwalimu alipolidai, Kalunde alimwambia mali ya mtani ikishaingia mkononi haitoki, na Mwinshehe akanunua lingine.

Ningependa kuishia hapo. Mvua zilianza, na wiki ya mtihani wa mwisho malaria ilinikamata vibaya. Nilikwenda kuufanya kwa sababu nilijua alama zangu ni za nani. Nakumbuka karatasi inaelea, nakumbuka Kalunde, ambaye hakuruhusiwa kuzungumza nami, akinisogezea kalamu iliyoanguka, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipata thelathini na moja. Kalunde, bila shuka wala koti, peke yake na kalamu yake, alipata sitini na saba. Ripoti zilipotoka nilikuwa nimepata nafuu, niliifungua yangu na nikaona sitini na saba. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa kitambo kidogo nilifurahi, kabla akili haijafika. Kisha nikamtafuta Kalunde kwa macho na nikaona karatasi yake mikononi: thelathini na moja, chini ya arobaini.

Nilikimbilia ofisi ya walimu na sikuthubutu kuingia. Mkuu wa shule alikuwa anasema, "Wabadilishie hao wawili tu, nani atajua?" Mwinshehe akasema, "Ramadhani atajua. Alilia mbele yangu mwezi wa sita nikamkatalia. Leo nimpe huyu kwa kuwa ni mtani wangu?" Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia kwa mwalimu mwanamume: alikuwa analia. Alipotoka aliniona, hakujificha. "Kesho nakwenda kwa baba yake," alisema. "Njoo unishuhudie."

Tulimkuta Mzee Maganga kwenye bani, anakwangua fito za tumbaku za msimu uliopita, mikono imeshika utomvu mweusi. Alitukaribisha vizuri, tukapewa vigoda na maji. Kalunde alisimama nyuma ya mama yake. Mwinshehe alieleza yote, polepole, sheria yake na sababu yake, kwamba thelathini na moja ni ya huyu Zuhura aliyeugua, na binti yake amepata sitini na saba kwa kichwa chake. Mzee alisikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Na zile themanini na nane nilizochinjia mbuzi?" Mwalimu akasema, "Zilikuwa za Zuhura." Mzee akaweka fito chini. "Nimezitangaza kanisani." Mwalimu akamkumbusha kuhusu kanisa, kwamba yeye mwenyewe alimsikia mwanawe akitafsiri. "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Nitajuaje alikuwa anasema nini?" Aliendelea, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, na hilo ndilo lililonitisha. "Karatasi yako ikiwa inasema kweli, mtoto amefeli. Ikiwa inasema uongo, kwa nini nimrudishe kwako?" Nilimtazama Mwinshehe. Mtu yule aliyetudai sentensi nzima mwaka mzima alivua miwani na kuipangusa, akaipangusa tena. Nilimwambia mzee kwamba mimi ndiye, kosa ni la malaria yangu, na akanipapasa kichwa kwa kiwiko ili asinichafue. Kalunde alitusindikiza hadi njiani. Hakulia. Alikohoa kile kikohozi, mara moja, kumtania, na Mwinshehe akageuza uso na kushika njia ya stesheni.

Mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa na mwenyewe, kila mtu akaandikiwa zake. Mimi nilisonga mbele kwa sitini na saba. Nilisoma, nikaajiriwa, nikastaafu, na sikupata kumtafuta Kalunde, kwa kuwa ningemwambia nini? Yaliyompata niliyasikia siku ile ile ya msiba, kutoka kwa akina mama waliokuwa wakipepeta mchele uani kabla hajafika: kwamba kuna mtani wa marehemu anakuja kutoka Kaliua, mfanyabiashara wa mchele, ambaye miaka yote Mwalimu akipita Kaliua kwa treni humngoja pale stesheni na kumkaripia kwa Kiingereza dirishani, abiria wote wanacheka, kisha anamrushia kifuko cha mchele. Kwamba wageni wote wa kanisa kule huwatafsiria yeye. Sikujua ni yeye. Nilisikia, nikaendelea kuchagua mawe.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, na jeneza limesimama mbele yake mabegani mwa watu. Mtoto wa kiume wa marehemu akatoa noti kumgomboa baba yake. Kalunde akaitazama kwa dharau ya Mwinshehe mwenyewe. Mwingine akaongeza. Akatikisa kichwa. Kisha akaacha sauti ya marehemu na kusema kwa yake, kwa Kiswahili, "Sitaki hela zenu. Huyu mtani wangu aliniandikia thelathini na moja. Alama zangu ziko wapi? Hatoki mpaka nipewe alama zangu." Watu waliangua kicheko, wakajua sasa utani umekolea. Hata binti mkubwa wa marehemu alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi peke yangu niliona kwamba Kalunde hacheki.

Nilisimama. Yule jirani nisiyemjua jina akanisukuma kutoka chini. Nilipita katikati ya akina mama hadi pale mlangoni, na kwa Kiingereza changu cha miaka yote hiyo, kilichotoka kidogo kama cha mtoto aliyevunja chungu, nikasema sentensi nzima: katika mtihani wa mwisho wa mwaka, Kalunde Maganga alipata sitini na saba. Akapandisha miwani. "Kwa sauti," akaamuru kwa Kiingereza. "Hata wa nyuma wasikie." Nikarudia kwa sauti, mpaka wale waliokuwa uani wakageuka. Mikono ikamshuka taratibu kutoka kwenye fremu zile. Alivua koti, akalikunja, akalikumbatia kifuani na kusogea pembeni, na wanaume wakapita na mwalimu wetu, kizingitini, nje, kwenye jua.

Sikumbuki nilirudi vipi mkekani. Nakumbuka sauti za wanaume wakisoma dua zikipungua kuelekea makaburini, na kivuli kirefu kikinisimamia.

"Na wewe una thelathini na moja," alisema Kalunde kwa Kiswahili. "Sogea nikae."